Maua Yaliyonyweshwa Maji ya Chumvi

Kibiti,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia, na ukungu wa huko haujakuamshia tena kile kikohozi. Dawa niliyokutumia uliipata? Na kama uliipata, umeinywa, au umeiweka kabatini ukingoja kuumwa zaidi? Nakujua wewe. Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, naenda shuleni kufundisha, narudi. Roho ndiyo yenye habari.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, Mama, Baba Mdogo huipokea kabla wewe hujamaliza kufuta mikono, na akishaipokea huweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Haya ninayoandika sitaki yapite kwake. Nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja Tukuyu, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, hata kama itabidi akungoje mlangoni mwa kanisa. Uisome peke yako.

Hakuna harusi. Nalitanguliza hilo ili usisome roho ikiwa juu juu. Mimi na Ezekieli basi. Sasa keti nikueleze ilivyokuwa, na utaona kwamba nilifumbuliwa macho na yale maua uliyonipa mwenyewe.

Unakumbuka nilipopangiwa kazi huku Pwani ulivyonikatia vipande vya maua yako, ukavifunga kwa karatasi iliyolowa na majani ya mgomba, huku ukininong'onezea kwamba joto la huku litayaua kabla hata sijafungua mizigo. Hayakufa. Sebule yangu hapa Kibiti ilikuwa inapendeza, Mama. Kulikuwa na lile la majani membamba marefu yenye mstari mweupe katikati, linalozaa watoto wanaoning'inia. Kulikuwa na lile la majani mapana yenye madoadoa, na lile la kutambaa nililolizungushia dirisha, na yule bibie wa ua moja jeupe ambaye wewe ukimpita asubuhi lazima umjulie hali. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaidi, alikuwa ananicheka. Yeye ni Mndengereko, mama mtu mzima, mzaliwa wa Mbuchi kule deltani. Anasema wapangaji wenzangu wanafuga kuku na mimi nafuga majani. Lakini akipata mgeni wa heshima, hampeleki kwa wenye kuku, anamleta kwangu.

Nilipokuja likizo, ile ya kupanga harusi na wazee, maua yangu na ufunguo wangu nilimwachia Ezekieli. Ningemwachia nani mwingine? Huyu ni mtu ambaye Baba Mdogo alituletea nyumbani kwa mkono wake, akasema anamjua tangu akiwa kijana wa shule kule Mbozi, mtu wa kanisa, mtu wa kazi. Akasema bahati imeangukia nyumba yetu, maana kijana mwenyewe kazi yake ni ya kuangalia mikoko huku huku deltani, karibu na binti. Mahari ikapokelewa. Ng'ombe wakaingia zizini kwa Baba Mdogo. Mimi nikaambiwa harusi iwe ya kimila kwanza, kanisani tutakwenda baadaye, kwa sababu cheti cha ubatizo cha Ezekieli kimekwama Mbozi. Nikakubali. Sasa nikikumbuka najiuliza akili yangu nilikuwa nimeiazima kwa nani.

Jambo moja tu lilikuwa linanikera. Kila nilipotaka kwenda Mbuchi nikaone anakoishi, alikuwa anasema hapafai. Analala kambini, kwenye turubai, wanaume watupu na mbu. "Utalala wapi wewe, kwenye mtumbwi?" Nami nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa nampikia maandazi ya kubeba, Mama, akale kambini na wenzake.

Basi nikarudi kutoka likizo. Nafungua mlango, naona maua yangu yamepangwa vizuri pale pale nilipoyaacha, ila yameungua. Bibie wa ua jeupe alikuwa na ncha za kahawia kila jani. Yale majani membamba yalikuwa kama yamepitishwa motoni miisho tu. Lile la majani mapana ndilo lililonitoa machozi, maana upande mmoja lilikuwa limechanika vipande vipande, na upande wa pili zima.

Ezekieli akaja jioni, akatikisa kichwa. "Jua la Kibiti hilo," akasema. "Niliyatoa barazani yapate hewa, nikachelewa kuyarudisha ndani. Nisamehe mama watoto."

Sasa Mama, mtu mwingine ungemdanganya hivyo. Mimi umenilea kwenye maua. Jani likiunguzwa na jua, hupauka baka katikati, pale pale mwanga ulipolipiga, halafu baka likakauka kama karatasi. Likikosa maji, mmea wote hulegea, na majani ya chini yanaanza kuwa ya njano. Ukilizidishia maji ni njano pia, lakini laini, na ukichimba kidogo unasikia harufu ya mizizi kuoza. Baridi ya kwetu hulifanya jeusi kama mboga iliyochemka. Haya yangu hayakuwa na baka lolote katikati. Yalikuwa yameanzia kwenye ncha, ukahawia ukatembea pembeni ukizunguka jani, ukiingia ndani pole pole. Na juu ya udongo kulikuwa na ukoko mweupe. Niligusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi.

Mwanzo nilimfikiria vyema. Nilisema labda huyu mwanaume alikuwa anamwagia humo maji aliyochemshia muhogo, anaona uvivu kutoka nje. Nikacheka peke yangu. Lakini mle ndani nilikuwa nasumbuka, maana maji ya bomba langu ni matamu, nayanywa. Tena mchaniko ule wa upande mmoja ulikuwa wa upepo mkali, na barazani kwa Bi Mwanaidi hakuna upepo wa kuchana hata gazeti. Upepo wa namna ile ni wa nyuma ya gari lililo wazi. Ezekieli anaendesha gari la namna hiyo kazini.

Nikamwita Bi Mwanaidi. Alikuja na ungo wake wa mchele mkononi, akainama, akaangalia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hili si jua, mwanangu," akasema. "Jua nalijua mie, lanichoma tangu nazaliwa." Akachukua udongo kidogo, akauweka ulimini, akatema nje. "Maji ya kwetu haya. Tena yametekwa yakiwa yamejaa."

Nikamwuliza anajuaje. Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza anajuaje kama huu ni mchele. "Kiangazi kama hiki mto hauna nguvu. Maji yakijaa, bahari yapanda nayo mpaka mlangoni pako. Sie twangoja yapwe, yapwe hasa, maji ya mto yateremke, ndipo mtu ateke. Mtu wa Mbuchi hakosi hapo, hata awe mgonjwa. Alomwagilia haya ni mgeni. Aona maji yamesogea karibu, tope hataki kulikanyaga, ateka hapo hapo." Kisha akauliza taratibu, "Maua yako ulimwazima nani?"

Nilimpigia Ezekieli, nikamwuliza kwa sauti nzuri kabisa kama kuna siku maua yalitoka nje ya nyumba. Akacheka. Akasema maua yasafiri kwenda wapi, nimechoka na safari, nipumzike. Nikamwuliza tena. Akaapa, Mama. Akaapa mbele za Mungu kwamba hayajavuka kizingiti cha baraza. Hapo ndipo nilipoingiwa na ubaridi. Angeniambia kwamba aliyabeba kambini akayasahau, ningeamini, ningemcheka, na leo ningekuwa nawauliza mmechagua ng'ombe gani wa kuchinja. Mtu akiapa kwa ajili ya vyungu vya maua, ujue anachokificha si maua.

Jumamosi ya wiki iliyopita nikapanda bodaboda kwenda Mbuchi. Sikumuaga mtu ila Bi Mwanaidi, ambaye alinifunga kilemba vizuri kwa sababu ya vumbi na wala hakuuliza. Njia ni ndefu na yule kijana wa bodaboda alikuwa anaimba njia nzima, nami nilikuwa namwomba Mungu nikute turubai, nikute wanaume watupu na mbu.

Karibu na mto nilimkuta mama mmoja anapanga samaki juani. Nikamwuliza kambi ya watu wa mikoko iko wapi. Akasema kambi hakuna, ilishavunjwa. Kama namtaka Ezekieli, nyumba yake ile pale ya bati jipya. "Mwenyewe kaenda kwenye miche," akasema, "ila mkewe yupo."

Mama, mimi si mtu wa kulia, mimi ni mtu wa kufoka, wewe shahidi. Nilikwenda kwenye ile nyumba nimejaza maneno mdomoni. Nilikuwa nimeyapanga. Akatoka mwanamke mwembamba, rika langu, amembeba mtoto mgongoni, akanikaribisha kabla hata sijasema mimi ni nani. Akafuta kiti kwa khanga yake. Anaitwa Sofia. Nikamwambia mimi ni mwalimu kutoka Kibiti, namtafuta Ezekieli kwa jambo. Akasema atarudi alasiri, nikae, nipate maji. Wala hakunihoji. Nilivyoketi nikaona dirishani kopo la maziwa, na ndani yake mmoja wa wale watoto wa ua langu la mstari mweupe, ncha zake zimeungua vile vile.

Nikamwambia ua lake zuri.

"Ah, dada, hilo nimeliiba," akasema, akacheka kwa aibu. "Mume wangu aliniletea maua ya ofisini kwao. Nilikuwa nalia kila siku kwa upweke, huku sina ndugu, lugha zao za mto mimi sizijui. Akaniletea gari zima. Ungeyaona! Nikawa nayamwagilia asubuhi na jioni, na kadiri nilivyoyamwagilia ndivyo yalivyozidi kuungua. Niliona aibu sana. Siku ya kuyarudisha nikanyofoa katoto kamoja. Usimwambie."

Nikamwuliza maji anateka wakati gani. Akasema yakijaa, yanapofika pale karibu, maana yakipwa kuna tope linalomeza ndala. Maneno ya Bi Mwanaidi matupu.

Yale niliyoyapanga mdomoni sikuyaona tena. Ungemfokea vipi mtu kama huyo? Alikuwa ameyapenda maua yangu, ila aliyapendea maji mabaya. Nikabaki nanywa maji yake, nayo yana chumvi, na mtoto ananikodolea macho, na macho yenyewe ni ya Ezekieli.

Kisha akaniuliza natoka wapi, maana lafudhi yangu si ya Pwani. Nikasema Tukuyu. Uso ukamng'ara.

"Kumbe nyumbani! Mimi wa Mbozi. Basi lazima unamjua Mzee Ambokile. Ndiye aliyetusimamia ndoa yetu, kanisani, mimi na Ezekieli. Ni kama baba kwetu. Pasaka iliyopita alikuja hapa, alilala chumba hicho, akamwombea huyu mtoto."

Mama. Pasaka. Unakumbuka Pasaka Baba Mdogo alivyoaga kwamba anakuja kuona mahali binti yake atakapoolewa? Alifika kwangu kweli. Alikaa kwenye kiti changu, akala pilau yangu, akasifu maua. Kisha akaondoka na Ezekieli, eti wanakwenda kuuona mto. Aliporudi aliniwekea mkono kichwani akasema, "Kijana ana makazi mazuri, mwanangu, usiwe na wasiwasi." Alikuwa ametoka kulala kwa Sofia. Alikuwa ametoka kumbariki mtoto. Mkono ule ule akaja akaniwekea mimi.

Nilimwambia Sofia. Nilidhani nitashindwa, lakini yalitoka. Nilimwambia Mzee Ambokile ni baba yangu mdogo, na ndiye aliyepokea mahari yangu kutoka kwa Ezekieli, na harusi yetu watu wa nyumbani wanaiandaa sasa hivi.

Hakupiga kelele. Alimshusha mtoto, akamweka chini, akamfunika miguu. Akakaa. Baadaye akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. "Basi tule kwanza," akasema. Akapakua wali na samaki, tukala sahani moja. Wali ulikuwa umepikwa kwa yale maji, ulikuwa na chumvi ya kuwasha ulimi. Niliumaliza upande wangu wote. Wakati wa kuondoka nilimweleza habari ya kungoja maji yapwe, akasikiliza kwa makini, akasema kumbe ndiyo maana mtoto anaharisha kila siku. Alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Tulipeana mikono. Mpaka leo sijui kama nimepata adui au ndugu.

Ezekieli alikuja Kibiti kesho yake, amevaa shati la kanisani. Bi Mwanaidi alikuwa barazani anachambua mchele, na hakuondoka, Mungu ambariki. Nilimngoja huyu mtu akane, angalau nimwone anahangaika. Hakukana. Alisema Sofia ni wa kule, mimi ni wa huku, haoni kwamba tunagongana. Nikamwuliza aliwezaje kuja kusimama mbele ya mama yangu. Akanijibu kama mtu anayeulizwa bei ya nazi: "Mzee alijua tangu mwanzo. Alisema nikuache kwanza, ukishaingia ndani utazoea, huna pa kwenda."

Huna pa kwenda. Hayo aliyasema ndugu wa baba yangu kuhusu mimi, kwa mtu wa nje. Nilimwambia Ezekieli aweke ufunguo wangu mezani. Akauweka. Alivyokuwa anatoka, Bi Mwanaidi alimwambia bila kuinua macho kwenye ungo, "Nenda salama, baba, na viatu vyako usisahau." Nilicheka, Mama, kisha ndipo nikalia.

Ezekieli ameniumiza, lakini yeye ni mtu wa njiani, ningeweza kumsahau. Baba Mdogo ndiye asiyetoka kifuani. Tangu Baba afe, huyu ndiye tuliyemwita baba. Ndiye aliyenipeleka chuo, akanibebea sanduku. Nikiumwa nilikuwa nawaza, yupo. Sasa nikumbuke nini? Kila jema alilonitendea nalichunguza upya, kama ninavyochunguza majani haya, nione kuungua kulianzia wapi.

Maua, kama unauliza, nimeyamwagia maji matamu mengi mpaka udongo ukatoa chumvi yake kwa chini, na ncha zilizokufa nimezikata kwa mkasi. Bibie wa ua jeupe ananyanyuka. Yale mapana sijui.

Sasa ninayokuomba. Harusi isimamishwe, na isisimamishwe kwa visingizio vya ugonjwa wala uhamisho. Waambie wazee mchumba ana mke wa ndoa, anaitwa Sofia, ana mtoto. Na ng'ombe warudi, lakini nataka Baba Mdogo awaswage mwenyewe, kwa miguu yake, mchana, apite njia ya sokoni watu wakimwona. Asimtume mtu.

Nisalimie mdogo wangu Tusajigwe, mwambie lile gauni la harusi analonishonea asilifumue, alimalize alipunguze kiuno, avae yeye Krismasi. Nisalimie Shangazi wa Kyela, ambaye alisema toka siku ya kwanza kwamba mwanaume asiyetaka uone kitanda chake ana mtu kitandani, tukamcheka. Msalimie Bibi, mpigie magoti kwa niaba yangu. Wanakwaya wenzako wote wasalimie, na mchungaji. Baba Mdogo hana salamu kutoka kwangu.

Na lako wewe, Mama, nimeliacha mwisho kwa sababu mkono ulikuwa unakataa kuliandika. Siku ile naondoka huko, likizo imekwisha, ulikuwa unanikunjia nguo. Ukaniuliza, "Ulishawahi kufika anakolala Ezekieli?" Nikasema hapana, ni kambini. Ukaendelea kukunja, na gauni moja ukalikunja, ukalikunjua, ukalikunja tena. Nilidhani ni uchungu wa kuagana. Tangu nitoke Mbuchi silali kwa ajili ya swali lile. Inawezekana ni swali tu la mama. Inawezekana uliambiwa jambo ukaambiwa na unyamaze, kwa kuwa unakaa kwenye nyumba yake na kula kwenye shamba lake. Hilo nalielewa, na ningelisamehe, ila nataka kulijua.

Niandikie kwa mkono wako. Usimpe Tusajigwe akuandikie, mwandiko wako naujua. Sitapiga simu mpaka niione barua yako, kwa sababu nikisikia sauti yako nitashindwa kuuliza.

Ulijua?

Mwanao,
Subilaga